Bundi wa Boksi Si Sababu ya Kumtoa Mtoto Shule

Mwanangu Mwakio,

Umekosa adabu, na nakwambia hivyo kabla ya salamu. Mtoto unamtoa darasa la saba kwa sababu ya bundi wa boksi? Nikipiga simu unasema uko kanisani, unakata. Karatasi haikatiki. Kaa chini usome mpaka mwisho.

Haya, hujambo? Mguu umepona? Mimi ni mzima, mgongo tu, na joto hili la Jeddah. Tangu kafili, yule tajiri mwenye mkataba wangu, anitoe mtaa wa Naseem kule Riyadh anilete kwa dada yake hapa mtaa wa Rawdah, kazi ni ile ile, ila huyu Madam ana maneno ya kiutu.

Mkeo amenieleza yote. Mwalimu alimchagua mjukuu wangu Wakesho aigize mchezo wa miungu ya Wagiriki wa kale, awe Athena, wa hekima na vita, na ndege wa Athena ni bundi. Mtoto akamkata bundi kwenye boksi la sabuni, akaja naye nyumbani. Wewe ukaona kifo kimeingia mlangoni. Ukamchoma huyo bundi, ukasema shule inafundisha mashetani, na sasa unataka kumpeleka Wakesho Mombasa kwa dada yako akalee watoto. Mwakio, bundi hata mimi simpendi. Akilia juu ya bati namtupia kaa la moto. Lakini wa boksi halii.

Sasa sikiliza. Mtoto wa nyumba hii, Layan, naye anasoma miungu hiyo hiyo. Mimi nikikata vitunguu, yeye anakaa jikoni ananitajia kazi ya kila mmoja, nami namfuata kwa Kiarabu changu hiki cha kuokoteza. Zeusi ndiye mkubwa wao, wa radi. Hera mkewe, wa ndoa, na wivu wake usiseme. Poseidoni, bahari. Hefesto fundi wa chuma, kiwete, na ndiye anayefanya kazi kuliko wote. Hestia ni wa jiko, hatoki nyumbani. Layan akacheka, "Huyo ni wewe, Mama."

Nikamwambia, "Mimi mkataba wangu una likizo. Yeye anayo?"

Na hii ni nyumba ya swala tano, ukutani hakuna hata picha ya mtu. Nilimuuliza Madam, "Huogopi mtoto atapotea?" Akasema, "Ni hadithi za watu waliokufa zamani. Mola ni mmoja, halas, yamekwisha." Akaendelea na chai yake. Mimi mwenyewe naomba kimya kimya chumbani miaka yote hii, katikati ya dini isiyo yangu, na imani yangu iko pale pale. Yako wewe inaangushwa na boksi?

Kuna mmoja aliyeniingia moyoni, Demeta, wa mazao. Bintiye alichukuliwa na Hadesi, mfalme wa wafu, akashushwa chini ya ardhi. Nikamuuliza Layan, "Baba yake alikuwa wapi?"

Akasema, "Baba ndiye aliyekubali. Mama hakuambiwa."

Nikaweka kisu chini. Nilikuona wewe. Basi Demeta hakulia akanyamaza. Aliikataza ardhi isiote kitu, njaa ikaingia, mpaka wakubwa wote wakasalimu amri na binti akarudishwa, ingawa si kwa mwaka mzima. Wa kwangu namtaka mwaka mzima.

Shamba la Wundanyi ni langu, marehemu baba yako aliniachia mimi. Mvua ziko karibu na najua mbegu unazo. Nimeshazungumza na kaka yangu: jembe lako lisiingie mle mpaka Wakesho awe darasani. Nilikuja kufua nguo za watu ili yeye asizifue. Hilo halibadiliki, wala usimtume mchungaji anibembeleze.

Msalimie mkeo, na aache kukuogopa. Msalimie kaka yangu mwenye funguo za shamba, na yule mkunga jirani aliyekupokea ukizaliwa. Dada yako mwambie atafute yaya mwingine. Anayekuletea barua hii ni Mwadime, dereva wa nyumba ya jirani huku Jeddah, anakuja likizo. Mpe chakula, ametoka mbali.

Ni mimi niliyekuzaa, na bado nakuzaa kila siku.

Jumatatu asubuhi umpeleke Wakesho mwenyewe hadi ofisini kwa mwalimu, uvue kofia, useme umekosa. Kisha mwombe mwalimu ampigie mjomba wako simu, amwambie mtoto ameingia darasani, maana kwa neno lako wewe shamba halifunguliwi.