Nilimlisha Marehemu Maneno, Sasa Mdogo Wake Anayaandika Kitabuni

Mpendwa mshauri, msaada ninaouomba nauhitaji kabla ya Jumamosi, na tafadhali jina langu lisitoke, maana kundi letu zima la mashabiki wa bendi linasoma ukurasa wako na wakinitambua mimi nimekwisha.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, nafanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno, na nakaa na dada yangu mkubwa ambaye ni fundi viatu, kazi aliyoirithi kwa baba yetu, na kibanda chake kiko nyuma ya ukumbi mkubwa wa muziki, pale kwenye mlango wanaoingilia wanamuziki na vyombo vyao. Dada yangu muziki haumhusu, ukimwambia habari za bendi anakuuliza kama hao watu wana kazi nyingine, lakini mimi tangu usichana wangu napenda roki, na hasa ile bendi ya ndugu wawili, kaka mtu anapiga gitaa na kuimba, mdogo mtu anapiga dramu, bendi ambayo sisi mashabiki tuliifuata kila ilipopiga mpaka tukawa tunajuana kwa sura.

Miaka minane iliyopita kaka mtu alifariki kwa ajali ya gari, wiki mbili tu baada ya onyesho lao la mwisho, na kila shabiki anajua kwamba wakati huo ndugu hao walikuwa wamenuniana karibu mwaka mzima, wanapanda jukwaani pamoja, wakishuka kila mtu na njia yake. Tangu msiba ule mdogo mtu hajashika tena vijiti vya dramu wala hajasema neno hadharani, mpaka mwaka huu alipotangaza kwamba anaandika kitabu kuhusu kaka yake, na siku hiyo, mshauri, watu wazima na akili zetu tulilia. Kundi letu lina watu sitini na kitu, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana mchana nyuma ya duka la katibu wetu ambaye ni fundi redio, tunasikiliza santuri, na tangu litolewe tangazo hilo hakuna habari nyingine, watu wanabishana jalada litakuwa la rangi gani, watu wameapishana kwamba hakuna kuchungulia ukurasa wa mwisho kwanza, na mmoja kaomba likizo ya siku mbili ya kusoma tu na bosi wake kampa.

Sasa kosa langu ni hili. Siku ya lile onyesho la mwisho mkanda wa gitaa la marehemu ulikatika wakiwa kwenye majaribio ya mchana, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma, akakuta kibanda cha dada, dada akamshonea. Jioni tukiwa tunakula dada akanisimulia kama anavyosimulia habari za mteja yeyote, kwamba kaja jamaa mmoja mwembamba, hajui kutulia, kakaa kwenye kigoda akamwambia, "Mama, nishonee mara mbili. Mdogo wangu akikaa nyuma yangu akaanza kupiga, mimi siwezi kusimama mahali pamoja, na mshono mmoja haumwezi yule," halafu akaanza kugonga kisigino ubaoni kumwonyesha huyo mdogo wake anavyopiga, huku anacheka, mpaka makopo ya misumari yakawa yanaruka na dada akamwambia aache kumvurugia kazi. Ni hayo tu. Mimi nilipotambua kwamba ni nani niliinuka mezani, nikamuuliza, dada, hukumwomba hata sahihi? Akanijibu, "Sahihi ya nini, kwani tulikuwa tunaandikiana mkataba?"

Marehemu alipofariki kundi lilikutana kuomboleza, kila mtu akawa anaeleza alivyowahi kukutana naye, huyu alishikana naye mkono, yule alimpa maji ya kunywa, na mimi sikuwa na chochote, mshauri, miaka yote ile sikuwahi kumkaribia hata kwa hatua kumi, na zamu yangu ilipofika nikausikia mdomo wangu unasema kwamba aliyeushona ule mkanda ni mimi, kwamba siku hiyo nilikuwa nimemshikia dada kibanda. Wote wakanigeukia. Na kwa kuwa habari za kisigino na misumari niliziona hazina uzito wa msiba, nikatia chumvi, nikasema alinishika mkono, machozi yanamlengalenga, akaniambia, "Mama, mimi nikiondoka, mwambieni mdogo wangu nimeshamsamehe." Watu walilia siku ile mpaka katibu akazima redio. Tangu hapo naitwa Mama Mkanda, nawekewa kiti cha mbele, na mwaka huu wametengeneza fulana za kusubiria kitabu zenye picha ya sindano na uzi, yangu nimeificha chini ya godoro dada asiione, maana yeye hajui lolote.

Jumatano iliyopita simu ya kliniki ikalia, nikaipokea nikidhani ni mgonjwa, kumbe ni mpiga dramu mwenyewe, katibu wetu kampelekea habari zangu kupitia wachapishaji bila kuniambia, alidhani ananifurahisha. Sauti yake ni ya chini, ya upole. Akasema, "Samahani mama kukusumbua kazini. Kitabu nimekimaliza, bado kurasa mbili za mwisho. Nimeambiwa kuhusu maneno aliyokuachia kaka. Ni kweli alisema vile?" Mbele yangu kuna mzee kashika shavu anasubiri zamu, nyuma yangu mashine ya daktari inalia, na mimi kwa macho makavu nikasema, "Ndiyo, alisema." Akasema ule mkanda anao, ameutundika chumbani kwake, na kuna jambo moja limemshangaza miaka yote hii, "Mbona umeshonwa mara mbili?" Nikamjibu kwamba ni kwa ajili ya uimara. Akanishukuru sana, akasema Jumamosi atakuja kwenye kikao chetu anisikilize vizuri aandike, kwa sababu Jumatatu kitabu kinakwenda mtamboni.

Tangu siku hiyo chakula hakipiti, maji yamenifika shingoni. Nikisema ukweli nitawapoteza watu sitini ambao ndio watu wangu, nitamvunja moyo mtu ambaye ameshapata faraja, na dada yangu ataniona mwizi, na nikinyamaza kitabu kitatoka na uongo wangu ndani yake na utaendelea kusomwa hata mimi nikiwa sipo. Kuna wakati najiambia uongo wenyewe ni mzuri, unamsaidia, kwani kuna ubaya gani? Nishauri, nitafuata utakalosema hata likiwa chungu.

Mama Mkanda wa bandia

Mshauri anajibu:

Mama Mkanda, jina lako silijui wala silihitaji. Jibu hili nimekutumia kwenye simu leo Jumanne ili likuwahi. Gazetini barua yako itatoka Jumapili, na katika hao watu sitini hakuna hata mmoja atakayeshindwa kukutambua, kwa hiyo usijidanganye kwamba una muda wa kutafakari. Una siku nne.

Kwanza pole, na naisema kwa dhati. Pale ulipoandika kwamba zamu yako ilifika na hukuwa na chochote, niliiweka barua chini nikaenda kunywa maji. Ulimpenda mtu kwa mbali miaka mingi, akafa, ukabaki mikono mitupu mbele ya wenzako waliojaa hadithi. Wapo waliosema uongo msibani kwa sababu ndogo zaidi ya hiyo. Haya, pole imetosha, sasa nikuseme.

Umemwibia dada yako. Yeye kutwa kainama na sindano, kiuno kinamuuma, hajui kwamba kuna watu sitini ambao wangesimama akiingia chumbani. Fulana ina picha ya sindano yake yeye, na imelala chini ya godoro lako! Hivi unapotandika kitanda asubuhi huoni haya? Itoe leo, umpe mwenyewe.

Lakini lililonikera zaidi ni hilo la simu. Mtu kakuuliza swali moja la kweli, mbona mkanda umeshonwa mara mbili, swali aliloishi nalo miaka minane. Jibu unalo. Umeniandikia mimi, nisiyemjua hata kwa sura, tena neno kwa neno. Yeye ukamwambia uimara, kama muuza mabegi.

Rudi ukaisome barua yako mwenyewe, taratibu. Ndugu wamenuniana mwaka mzima. Mchana wa onyesho la mwisho kaka mtu anakaa kwa fundi viatu asiyemfahamu, hana sababu ya kumfurahisha wala kumficha kitu, na katika habari zote za duniani anazoweza kumpa, anampa moja tu: mdogo wangu anapiga hivi. Anacheka. Anagonga ubao mpaka misumari inaruka. Anajua kabisa kwamba jioni ile mdogo wake atamrusha kwa mdundo wake, na anajiandaa kurushwa. Mtu aliyemfungia ndugu yake moyo haongei hivyo. Pengine alikuwa ameshasamehe, pengine hakuwahi kukasirika kama nyinyi mashabiki mlivyokuwa mnaambizana, mimi sijui na wewe hujui. Ajuaye ni mpiga dramu, akisikia. Na maneno hayo ndiyo uliyoyaona hayana uzito, ukaenda kumtungia marehemu mengine ya kwenye filamu.

Unaniuliza kuna ubaya gani. Nikuulize na mimi: walipogombana ulikuwepo? Maana ukisema "nimeshamsamehe" umeshaamua kwamba mwenye kosa ni mdogo. Umempa hukumu na msamaha kwa pamoja, vyote kutoka kwako, na yeye masikini anakwenda kuvichapisha kwa mkono wake mwenyewe. Faraja ya namna hiyo ni ya kumnyang'anya mtu upesi kabla hajaizoea. Utamwumiza, ndiyo. Ila safari hii kuna kitu cha kweli cha kumpa baada ya maumivu, na hicho wengi wanaoniandikia hawanacho, kwa hiyo usiniletee sura ya mtu asiye na mbele wala nyuma.

Leo dada akirudi, kabla hajavua aproni, mwambie. Usianze na kumsifia wala kumpikia kitu maalumu, atajua tu kwamba kuna jambo. Sema, "Dada, ile habari ya mkanda wa gitaa niliichukua nikaifanya yangu." Atakasirika. Mwache akasirike mpaka amalize, na akikuita mwizi, itikia. Akishapoa mwombe akusimulie tena siku ile ilivyokuwa, na nakuomba kitu kimoja, usimkatize na usimpambie. Kama kuna neno amelisahau, liache lisahaulike.

Kesho mpigie mpiga dramu, wewe mwenyewe, dada akiwa pembeni. Namba yake imebaki kwenye simu ya kliniki. Usimtume katibu, usiandike ujumbe, na usisubiri Jumamosi, kwa sababu ni ukatili mtu kuambiwa hayo mbele ya umati unaomkodolea macho. Mwambie ulimdanganya, maneno ya msamaha ni ya kwako, aliyeshona ni dada yako na yuko hapa. Kisha mpe dada simu, toka chumbani, funga mlango.

Jumamosi ndiyo zamu ya kundi. Simama useme kwa maneno machache. Usilie ili ubembelezwe, siku hiyo si yako. Kiti cha mbele mpe mwenyewe, dada yako, wewe tafuta pa kukaa huko nyuma. Wapo watakaokununia mpaka kitabu kitoke, wapo watakaokucheka usoni, na katibu atajisikia mjinga, umwombe radhi peke yake. Lakini usiniambie utawapoteza wote sitini. Mashabiki nawajua, mimi mwenyewe ni mmoja wao na nakala yangu nimeshaagiza. Katika hao waliosimulia siku ya msiba, hutakosa wawili watatu waliotia chumvi zao. Huyo wa kushikana mkono nina mashaka naye tangu nisome barua yako. Utaona aibu, itakuuma, itaisha, na kitabu utakisubiri kama wenzako wote wanavyokisubiri, huku unakula na kulala.

La mwisho linamhusu dada yako. Atasema yeye hajui kuongea na watu wa muziki, atataka wewe umfundishe cha kusema. Kataa. Kama atamwambia mpiga dramu kwamba kaka yake alikuwa msumbufu na alimvurugia misumari, amwambie hivyohivyo. Na akiulizwa kaka mtu aligongaje pale ubaoni, asiseme kwamba muziki haumhusu. Mtu aliyeshika nyundo miaka yote hiyo mdundo haumpotei. Aisogeze simu karibu na meza, agonge.