Usukani Ulioukaza

Buganguzi,
Posta ya Nshamba,
Bukoba.
9 Septemba 1956

Mpendwa kaka Mutalemwa,

Nakusalimu kwa upendo. Natumaini meli ilikufikisha salama, na kwamba kifua hakikusumbui na baridi ya asubuhi za Kampala. Sisi hatujambo. Goti la mama limepona. Macho ya baba, Tata wetu, hayajabadilika: anatutambua kwa sauti, na jua likiwa kali anaona vivuli.

Kahawa imeiva vizuri, na ndizi ni nyingi hata tunawagawia majirani.

Sasa habari za pikapu, maana ndizo zilizonikalisha mezani.

Unakumbuka alivyosema Tata mbele yetu sote: nikipata leseni, nitabaki hapa niendeshe gari na kusimamia kahawa, nikishindwa, ataipokea posa ya rafiki yako Karugendo. Wewe ndiye uliyenifundisha kuendesha. Ulisema mkono wangu ni mwepesi kuliko wako, nami nilitembea na neno hilo kama mtoto mwenye nguo mpya.

Ulipoondoka tu, usukani ukawa mzito. Nilidhani ni mimi, kwa kuwa nilikuwa nimelia. Siku ya soko nilimpeleka Tata Nshamba. Kwenye kona ya kanisa niliukata usukani, ukakataa kurudi, tukaingia kibanjani kwa mzee Ndyamukama na kuiangusha migomba yake. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Karugendo akaja akainama dirishani.

"Koku, gari si chungu cha ndizi. Mutalemwa aliniambia usukani huo utakurudisha jikoni."

"Hata nikirudi, jiko hilo si lako," nikamjibu.

"Nyamazeni," akasema Tata, akinipapasa bega. "Mwanangu, umeumia?"

Nilichukua maneno ya Karugendo kuwa utani wake wa kawaida. Nyumbani wote walisema mikono ya mwanamke haitoshi, na mimi nikawaambia: kaka hangenifundisha kitu asichoamini kuwa nakiweza.

Lakini sikulala na jambo hilo. Nikaenda kuazima jeki kwa Burhani, fundi wa Nshamba. Alikuja nayo mwenyewe, kwa sababu jeki yake haimwamini mtu.

Tulianza na matairi ya mbele, maana tairi lisilo na upepo wa kutosha hufanya usukani kuwa mzito. Tukayajaza, hakuna nafuu. Tukatia grisi kwenye maungio ya magurudumu, vilevile. Nikamwomba Burhani ainue mbele. Magurudumu yakiwa hewani usukani ulipaswa kuwa mwepesi, nao ulikuwa mzito bado. Basi tukafungua fimbo inayouunganisha na magurudumu. Magurudumu nikayageuza kwa mkono mmoja. Usukani peke yake ukaendelea kugoma. Ubaya ulikuwa ndani ya kisanduku chake.

Oili ilikuwamo ya kutosha. Nikapangusa juu ya kisanduku kwa kanga. Ipo pale skrubu ya kurekebishia, na nati ya kuifunga. Kila kitu kimeganda grisi na vumbi la miaka, ila nati ile inang'aa alama mpya za spana.

"Dada, hii imekazwa," akasema Burhani.

"Haiwezi kujikaza?"

"Nati hujilegeza. Inayojikaza sijaiona bado, labda ije ya kwenu Wahaya."

Alicheka. Mimi sikuweza. Nikarudisha skrubu nusu mzunguko, nikafunga nati. Tuliporudisha kila kitu na kuishusha gari, niliugeuza usukani bila kukunja uso.

Asubuhi ya safari yako ulifunua boneti ukaniambia niende ndani, unaikagua gari ili niwe salama. Nilikushukuru. Nikaenda kukufungia senene waliokaushwa, ule njiani, nikawachagua wale wasiovunjika.

Kaka, ulijua Tata hukaa kando yangu. Ulijua mteremko wa kuingia Bukoba ulivyo, na kwamba haoni hata pa kushika. Karugendo ana udugu gani na wewe unaoshinda wetu? Ungesema hutaki niendeshe, ningekukatalia usoni, tungegombana, na jioni tungekula pamoja.

Tata aliponiuliza nani aliyeigusa gari, nilimwambia. Hakugomba. Aliagiza kibuyu cha rubisi, ile pombe ya ndizi aliyoileta Karugendo kwa posa, kirudishwe kwao kikiwa kimejaa, wajue posa imekataliwa. Mimi akaniambia nitafanya mtihani Jumanne, na nikishindwa nitarudia mpaka askari wanichoke.

Nilipaswa kufurahi. Kila ninapoushika usukani na kuuona mwepesi, nakuona umeinama pale na spana mkononi.

Mama anakusalimu. Mdogo wetu Alistidia anakusalimu, anaulizia vitambaa ulivyomwahidi. Mzee Ndyamukama naye anakusalimu, migomba yake tumemsaidia kupanda mingine. Mungu akulinde huko uliko, akupe na moyo wa kutuandikia ukweli.

Nilimwuliza Tata kama nikuandikie salamu zake. Amesema bado anafikiri.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda, na ndiyo sababu inauma,
Kokwijuka