Shokapu za Mtu Mnene

Rwekaza, nimechafukwa roho! Nilimwambia fundi Kamugisha, hapo Bukoba, akaze shokapu za nyuma za pikipiki yangu zimudu uzito wangu. Unajua alichofanya? Amezilegeza! AMEZILEGEZA!

Nimempakia mama, kwenye mashimo ya barabara ya Izigo tairi likakwaruza madigadi, pikipiki ikayumba, mama akaanguka. Mama yangu mzazi! Goti lote limechubuka.

Nampigia fundi simu, anacheka: "Kaka, mtu mnene anataka laini, kama godoro."

GODORO! Ndiye yuleyule aliyeniletea gogo nikalie kwenye harusi ya Mwijage, eti nitavunja kiti. Sijasahau hata siku moja.

Nimezikaza mwenyewe hapahapa barabarani. Mama, aliyesikia simu yote, kakataa kupanda: "Mwana wange, nenda na godoro lako." Sasa anachechemea kurudi nyumbani, mimi nasukuma pikipiki nyuma yake.