Tangazo la Mnadani

Natta, 3 Juni 2025

Babu,
Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, nafua mashuka ya watalii kama kibarua. Naandika kwa sababu kwenye simu huongei bila kuweka spika, majirani wakasikia. Mpishi msaidizi hapa kambini anaacha kazi. Joram, mpishi mkuu, kaninong'oneza kwamba nafasi haitabandikwa popote. Ikibandikwa geti litavunjwa na umati, na meneja anataka mtu anayedhaminiwa na mfanyakazi wake. Joram atanidhamini mimi. Cheti changu cha upishi kimelala sandukuni miaka mitatu, Babu. Usimwambie mtu.
Mjukuu wako, Bhoke

Kisaka, 9 Juni

Mke wangu mdogo,
Marahaba. Mgongo umepinda, ulimi umenyooka. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikatema tumbaku. Kazi inanong'onwa? Kwani ni ng'ombe wa wizi? Huyo ndiye huuzwa kwa kunong'ona, usiniulize nimejuaje! Hapa Heche na Winfrida wana vyeti na wanasubiri matangazo. Watasubiri mpaka waote mvi! Juzi mnadani nikamnyang'anya dalali kipaza sauti. Nikamwambia, "Mura, kijana wangu, kaa chini!" Nikatangaza kambi yenu, mpishi msaidizi, njooni na vyeti mchana kweupe. Nilipigiwa makofi kuliko diwani. Sasa wataajiri kwa haki, na kwa haki nani atakushinda wewe?
Mumeo mzee, Babu

Natta, 14 Juni

Babu,
Shikamoo. Walikuja sabini na wawili. Meneja akambana Joram, naye akasema alimwambia mtu mmoja tu. Hata kufua nimefukuzwa. Kazi kapewa shemeji wa meneja, yai lenyewe anaunguza.
Bhoke

Kisaka, 20 Juni

Bhoke,
Hujaniuliza hali, na nimeelewa. Hao washenzi nimewatukana kwa Kikurya mpaka Kikurya kikaisha. Wanaogopa watu sabini, halafu shemeji mmoja anapita bila hodi! Hilo sifuti hata unipige. Ila kuna mzee mmoja namkasirikia zaidi. Alishika kipaza akataja kambi, akataja kazi, na barua ya mjukuu wake iko mfukoni. Makofi yalikuwa matamu, mke wangu. Nilikusahau.
Babu

Kisaka, 11 Julai

Bhoke,
Wiki tatu sasa bila barua yako. Agustina wa kwaya anasema alikuona stendi ya Tarime na begi kubwa, hukumsalimia. Unakwenda wapi? Andika hata tusi moja.
Babu yako