Samweli Mwenye Ndevu za Pamba

Jumatano, 30 Aprili 2025

Mimi ni nabii Samweli! Mama Ombeni, mwalimu wetu wa igizo, anasema wavulana hawatoshi, halafu eti nina sauti ya kukemea. Jumapili ya Mchungaji Mwema, mbele ya usharika mzima — na ndevu za pamba! Na Daudi ni nani? Elineema. Yule wa kijiji cha Bonga, mwenye kondoo wa kweli. Nitammiminia mafuta kichwani awe mfalme. Moyo, tulia basi.

Ijumaa, 2 Mei

Mazoezi. Simon ndiye Eliabu, kaka mkubwa wa Daudi. Mrefu, shati limenyooka. Anafanya kazi ofisi za mkoa, na nyumbani Baba ni Simon hivi, Simon vile. Kwenye igizo natakiwa nimtazame kwanza, nivutiwe, ndipo nimpite. Nilimpita mbio! Mama Ombeni kanigombeza, nabii gani anakimbia.

Elineema kaja na kondoo jike. Hamsukumi wala hamvuti — anamwita tu, naye anamfuata. Kaniuliza chinichini kama ndevu zinawasha. Sana, nikasema. Tulicheka mpaka tukatolewa nje, na kondoo wetu.

Huko nje kaniambia anataka kuja na wazee wake kwa Baba, kuniposa. Ila anamwogopa. Hata mimi namwogopa!

Jumapili, 4 Mei

Nimeharibu! Kizibo kilichomoka — chupa nzima ya mafuta ya alizeti ikamwishia Daudi wangu. Kanisa zima hoi kwa kicheko. Nikavua ndevu, nikampangusa nazo uso. Taratibu. Nikasahau kabisa kuna watu. Kuinua macho, Baba ananitazama. Hacheki.

Baada ya ibada, mnada wa sadaka kama kawaida. Mahindi, kuku, mwisho yule kondoo, Elineema kamtoa. Simon akataja bei. Baba akapandisha. Baba, ambaye hata kuku hafugi! Akampata. Simon akasema atamleta nyumbani na gari. Baba akamshukuru, akakataa. Akamgeukia Elineema, bado anang'aa mafuta, akampa kamba.

"Huyu sauti yangu haijui. Mlete mwenyewe jioni. Na baba yako aje."

Nimejifungia chumbani. Mama kabandika sufuria kubwa. Baba kavaa koti — kwa joto hili! Kondoo analia getini. Pamba bado imeganda kidevuni, haitoki, na Mama anaita: "Jenifa! Wageni!"