Chozi Alipobisha Dirishani

Mama,

Nisamehe nimekawia kukuandikia. Kila nikishika kalamu, mtoto wa madam anaamka.

Bado niko huku Doha, nyumba ile ile ya Al Thumama. Wale ndege wangu, chozi, nao wapo, wadogo, mdomo kama sindano iliyopinda, dume akipigwa na jua anang'aa zambarau. Bado nawawekea maji ya sukari kwenye kifuniko, dirishani jikoni, na kila asubuhi nayamwaga niweke mengine, maana joto la huku linayachachisha. Kila ukipiga simu ulikuwa unauliza, "Wajukuu zangu wa mabawa wamekula? Na wewe je, umekula?" Nilikuwa nasema nimekula.

Siku ile dume alibisha kioo, akaruka, akarudi kubisha. Wewe ndiye ulinifundisha: chozi akibisha, mgeni yuko njiani, ongeza maji ya chai. Nikaongeza, Mama. Nikamtania Nakato, yule Mganda ninayefanya naye kazi, "Leo tuna mgeni." Akanicheka, "Mgeni gani, mwenzangu, na geti hatuna ruhusa ya kulifungua?" Chai haijachemka, dada Mwaka akapiga simu kwamba umekwenda. Nikaimwaga sufuria nzima.

Walikuzika bila mimi. Pasipoti ilikuwa kwa madam, naye akasema nisubiri Ramadhani iishe.

Juma wangu, uliyekuwa ukinilelea, sasa yuko kwa dada. Juzi amewekewa simu sikioni, akasema, "Shikamoo anti." Anti! Mimi niliyemzaa. Dada akacheka kuficha aibu. Sikucheka. Kesho yake nikamwambia madam, "Narudi kwetu. Mtoto wangu hana mtu." Akaniuliza, "Na wangu?" Nikamjibu, "Wako ana mama yake." Jana kaniwekea pasipoti mezani.

Kwa hiyo narudi. Chozi nimemwachia Nakato, nimemwonya asisahau kuosha kifuniko. Na kaburini kwako sitakuja peke yangu. Nitamchukua mtoto kwanza, ndipo tuje wote wawili. Hilo nakuahidi. Pumzika, Mama, ulichoka.

Ila kuna vitu bado nahitaji unitumie, hata kwa ndoto: ulichokuwa ukimtilia Juma kwenye uji mpaka akamaliza kikombe; anavyobembelezwa akishtuka usingizini; hiyo nguo anayoililia, dada hajui ni ipi; na ulikuwa ukimwambia mimi ni nani.