Nimemvisha Mama Mkwe Kofia Ukumbini

Mpendwa mshauri Bibi Koleta,

Shikamoo. Naomba unisaidie haraka maana mke wangu Esta amerudi kwao Chome na watoto, nami nimebaki na sufuria. Mimi ni mfanyabiashara wa mitumba hapa Same mjini, naheshimika, na tangu mambo yawe ruksa meza yangu ya kofia za Ulaya haijakosa wateja. Sasa mwezi uliopita kukafanyika harambee ya kujenga chumba cha makumbusho, ziwekwe kofia za katani zilizosukwa kwa mkono ambazo wanasema siku hizi hakuna anayezivaa, nikaalikwa meza ya mbele kama mtu mwenye uwezo, na unajua mnada wa harambee ulivyo, ukinunua kitu huondoki nacho kimya kimya, unasimama unatangaza unamzawadia nani. Ikaletwa kofia moja pana, imesukwa ikasukika, nikapandisha dau hadi mwenye baa akakaa chini, nikashika kipaza sauti nikasema aliyeisuka aje mbele nimvishe kwa mkono wangu mwenyewe, mafundi wetu lazima tuwaenzi. Mama mmoja kule nyuma akajifunika khanga hadi machoni, hataki kuja, nikajua ni haya za watu wa milimani, Esta ananivuta koti nikadhani ni wivu, akina mama wa Chome wananipungia mikono nikadhani wananishangilia, nikamfuata, nikaivuta ile khanga, nikamtumbukizia kofia kichwani. Bibi Koleta, alikuwa mama mkwe wangu!

Unajua kwetu Upareni mkwe humpisha mama mkwe njiani, mkono hampi, sembuse kumshika kichwa. Alitoka ukumbini analia. Baba mkwe, Mzee Loth, haitikii shikamoo yangu. Mimi nasema zama zimebadilika, ila hawasikii. Isitoshe kamati inataka kutundika picha ya tukio lile mlangoni mwa makumbusho, na Esta ametuma ujumbe kwamba ikitundikwa, yeye harudi. Nasita kuikataa kwa sababu, kusema kweli, nimetoka vizuri. Nifanyeje?

Hezroni, Same

*

Hezroni, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipomwonea huruma yule mama, sikupaona. Nimeona meza yako, mwenye baa aliyekaa chini na sura yako pichani. Pole kwa kuachwa. Nyumba isiyo na watoto ni mbaya, hapo sikutanii. Lakini mwanamume mzima, mkeo anakuvuta koti, mama wa watu anaficha uso, wewe unasikia vigelegele tu! Kipaza sauti kilikulewesha, baba.

Eti zama zimebadilika. Siku ya kuposa mbona hukumwambia Mzee Loth hivyo? Ulifuata kila mila kwa sababu ulikuwa unataka mke. Na hizo kofia za katani, ni nani amezikosesha wavaaji? Akina mama walikuwa wakizishusha gulioni zikaisha kabla ya mchana, leo wanakuta marobota yako. Unamwua fundi kwa bei, kisha unataka kumvika taji mbele ya mgeni rasmi. Huoni hata haya!

Sasa sikiliza. Kesho asubuhi nenda kwa kamati, chukua picha hiyo pamoja na filamu yake, umpelekee Esta kwa mkono wa mtu aichome mwenyewe. Usibakize hata nakala ya kuonyesha marafiki, nakujua. Wewe Chome usipande. Mtafute mshenga wako na mjomba wako, wapande wao, wamwambie Mzee Loth kwamba umekosa, na neno "lakini" waliache huku huku Same. Wakitajiwa mbuzi, toa mbuzi, usipatane bei kama uko gulioni.

Ukishasamehewa, mwombe Esta awe anakuletea kofia za mama yake. Zinunue kwa bei anayoitaka yeye, uzipange mbele kabisa kwenye meza yako, mitumba ikae nyuma. Hapatakuwa na mpiga picha, wala mtu wa kukupigia makofi. Hilo likikushinda, mwache Esta akae Chome, maana hata mbuzi hatakuwa amekufundisha kitu.